Blu-ray na HD DVD: vita iliyokwisha 2008 ambayo bado inaweza kumla mtaji mfanyabiashara

BUJUMBURA – Mtaa wa Mutanga Sud, jirani na Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, ni mahali pa makazi pasipo na bandari wala soko kubwa. Hata hivyo, runinga au deki inayowashwa katika sebule ya mtaa huo imepita mikono mingi kabla ya kufika: kiwanda cha Asia, ghala la Dubai au Guangzhou, meli hadi Dar es Salaam au Mombasa, na lori hadi mpaka wa Kobero. Kila mkono umeongeza gharama yake. Mteja wa Mutanga Sud yeye anauliza jambo moja tu: je, diski yangu itacheza?

Swali hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lililoamua vita ya kibiashara iliyodumu miaka miwili madukani kati ya mifumo miwili ya diski za video za ubora wa juu, yaani HD. Mfumo mmoja uliitwa HD DVD, mwingine Blu-ray. Wa kwanza uliachwa na waliouanzisha Februari 2008. Wa pili ulishinda, ingawa ushindi wake nao ulikuja kupunguzwa na intaneti.

Kwa wafanyabiashara na wasafirishaji wa Afrika Mashariki habari hii haijaisha. Vifaa vya mitumba na mabaki ya maghala bado vinauzwa kwa mafungu, na ndani ya fungu moja huweza kuchanganyika deki za mifumo yote, za maeneo yote ya mauzo na za umeme wa kila aina. Asiyejua tofauti anaweza kulipia usafiri na ushuru wa mzigo ambao Bujumbura hauna mnunuzi.

Tofauti ilikuwa wapi?

DVD ya kawaida, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1996, hubeba gigabaiti 4.7 katika tabaka moja na 8.5 katika matabaka mawili. Inatosha filamu moja kwa picha ya mistari 576 au 480. Picha ya HD kamili ina mistari 1,080, kila mstari ukiwa na nukta 1,920, kwa hiyo ilihitaji diski yenye nafasi kubwa zaidi.

Kambi zote mbili zilitumia ufumbuzi mmoja: leza ya rangi ya buluu-zambarau yenye urefu wa wimbi wa nanometa 405, badala ya leza nyekundu ya DVD yenye nanometa 650. Leza yenye wimbi fupi husoma alama ndogo zaidi, hivyo data nyingi huingia katika diski yenye upana ule ule wa sentimita 12.

Zilitofautiana katika hatua iliyofuata. HD DVD, iliyoongozwa na Toshiba pamoja na NEC, iliweka data katikati ya unene wa diski, milimita 0.6 kutoka juu, kama DVD. Kwa sababu hiyo viwanda vya DVD viliweza kurekebishwa kwa gharama ndogo ili vizalishe HD DVD. Nafasi yake ilikuwa gigabaiti 15 kwa tabaka moja na 30 kwa mawili.

Blu-ray ilitangazwa Februari 2002 na kampuni tisa zikiwamo Sony, Panasonic, Philips, Samsung na LG. Hao waliisogeza data hadi milimita 0.1 tu kutoka juu ya diski na kutumia lenzi kali zaidi. Faida ilikuwa nafasi ya gigabaiti 25 kwa tabaka moja na 50 kwa mawili. Hasara ilikuwa mitambo mipya ya kiwandani, pamoja na ulazima wa kuipaka diski utando mgumu wa kuzuia mikwaruzo.

Kwa macho ya mtazamaji tofauti ilikuwa ndogo. Mifumo yote miwili ilitumia njia zile zile za kubana picha, na filamu moja iliyotolewa katika mifumo yote ilionekana karibu sawa. Vita haikuamuliwa na picha.

Nani alikuwa na bei nzuri?

HD DVD ilitangulia. Deki ya kwanza ya Toshiba iliingia Japani mwishoni mwa Machi 2006 na Marekani Aprili 2006, huko ikiuzwa dola 499. Blu-ray ya Samsung ilifuata Marekani Juni 2006 kwa dola 999, yaani mara mbili. Aidha, HD DVD haikuwa na msimbo wa eneo la mauzo: diski iliyonunuliwa New York ilicheza katika deki iliyonunuliwa London. Blu-ray iliigawa dunia katika maeneo matatu.

Kwa hesabu ya mfanyabiashara wa kawaida, HD DVD ndiyo iliyopaswa kushinda. Deki zake zilikuwa nafuu, diski zake zilizalishwa kwa gharama ndogo, na hazikuwa na vikwazo vya mipaka. Novemba 2007 duka la Walmart nchini Marekani liliuza deki ya Toshiba HD-A2 kwa dola 98.87 katika ofa ya muda mfupi. Hakuna deki ya Blu-ray iliyokaribia bei hiyo wakati ule.

Lakini deki inauzwa kwa sababu kuna filamu za kuweka ndani yake, na filamu zilikuwa mikononi mwa studio. Sony ilikuwa na studio yake yenyewe. Disney na Fox zilikuwa upande wa Blu-ray. Universal ilikuwa HD DVD peke yake, na Agosti 2007 Paramount ilihamia huko. Warner, iliyokuwa na mauzo makubwa ya DVD nchini Marekani, ilitoa filamu zake katika mifumo yote miwili.

Silaha nyingine ya Blu-ray haikuwekwa kwenye rafu ya deki. Novemba 2006 Sony ilitoa mashine ya michezo ya PlayStation 3, ambayo ndani yake ilikuwa na kisoma-Blu-ray. Kijana aliyenunua mashine ya michezo aliipelekea familia yake deki ya HD bila hata kukusudia. Microsoft, iliyounga mkono HD DVD, iliuza kisoma-diski cha Xbox 360 kama kifaa cha pembeni kwa dola 199, na wateja wengi wa Xbox hawakukinunua.

Siku 46 zilizomaliza vita

Januari 4, 2008 Warner ilitangaza kwamba itabaki na Blu-ray pekee. Siku kumi baadaye Toshiba ilishusha bei za deki zake. Ile ya HD-A3 ilifika takriban dola 150. Februari 11 Netflix, ambayo wakati huo ilikodisha diski kwa njia ya posta, ilisema itaachana na HD DVD. Februari 15 Walmart ikafuata. Februari 19, 2008 Toshiba ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza na kuuza deki za HD DVD.

Kutoka tangazo la Warner hadi tangazo la Toshiba zilipita siku 46. Kwa muuzaji wa rejareja wa Chicago siku hizo zilitosha kupunguza bei, kufanya mauzo ya kumaliza ghala na kurudisha baadhi ya mzigo. Kwa mfanyabiashara wa Bujumbura siku 46 zinaweza kuisha mzigo ukiwa bado baharini, au ukiwa umefika Dar es Salaam unasubiri lori.

Barabara ya Ukanda wa Kati kutoka Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida, Kahama na Ngara hadi Kobero na kuingia Bujumbura ni zaidi ya kilomita 1,400. Kutoka Mombasa kupitia Uganda na Rwanda ni karibu kilomita 2,000, na njia hiyo imekuwa ngumu zaidi tangu Burundi ilipofunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Njia ya tatu ni reli ya zamani ya zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma, kisha meli ya Ziwa Tanganyika. Soko likibadilika wakati mzigo uko njiani, aliye mwisho wa njia ndiye wa mwisho kupata habari na wa kwanza kupata hasara.

Hesabu ya hasara

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi inavyotokea. Tuseme mfanyabiashara amenunua deki 50 za mfumo ambao haujakubalika bado, kila moja dola 200 pamoja na bima na nauli hadi bandarini. Mtaji wake ni dola 10,000.

Bidhaa nyingi zilizokamilika zinazotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Hiyo ni dola 2,500, na jumla inakuwa 12,500. Kodi ya ongezeko la thamani ya Burundi ni asilimia 18, nayo hutozwa juu ya thamani ambayo tayari imejumlishwa ushuru. Hiyo ni dola 2,250. Jumla sasa ni 14,750, yaani dola 295 kwa kila deki, kabla ya tozo nyingine, wakala wa forodha, lori na duka.

Sasa chukua bei mpya ya kiwandani baada ya vita kwisha: dola 150 kwa mteja wa rejareja ng'ambo. Deki iliyokwisha kugharimu 295 Bujumbura inashindana na ile ambayo ndugu wa mteja anaweza kuinunua kwa 150 na kuileta katika begi. Ushuru na kodi vilikokotolewa kwa bei ya zamani, na havishuki kwa sababu bei ya dunia imeshuka.

Tangu Januari 2014 nchi za Jumuiya zilipoanza kutekeleza Himaya ya Forodha Moja, hatari hiyo imeongezeka upande mmoja. Mzigo unaopita chini ya utaratibu huo hulipiwa kodi ya nchi unakokwenda wakati ungali bandarini. Utaratibu huo umepunguza vizuizi njiani, jambo ambalo wasafirishaji walililia kwa miaka mingi. Lakini maana yake pia ni kwamba mfanyabiashara analipa Mamlaka ya Mapato ya Burundi, OBR, kabla ya kufungua boksi hata moja Bujumbura. Kosa la aina ya mzigo linagunduliwa baada ya fedha kutoka.

Katika miaka ya karibuni, ambapo upatikanaji wa dola nchini Burundi umekuwa mgumu, kosa hilo linauma mara mbili: franki zimepotea, na dola za kununulia mzigo mwingine hazipatikani kwa urahisi.

Kwa nini mkoa huu haukuumia sana?

Afrika Mashariki kwa jumla iliitazama vita ya HD kutoka mbali, na kulikuwa na sababu. Wakati deki hizo zinatoka mwaka 2006, sebule nyingi za mkoa zilikuwa na runinga za kioo cha kichogo, zisizoweza kuonyesha mistari 1,080. Kwa runinga hiyo diski ya HD ni sawa na kumwaga maji ya pipa katika kikombe.

Pili, soko lilikuwa na mfumo wake. VCD, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilitumia diski ya CD ya kawaida na kubeba dakika 74 hadi 80 za picha, hivyo filamu moja ilijaza diski mbili. Picha yake ilikuwa duni kuliko ya DVD, lakini deki zake zilikuwa rahisi na hazikuuliza msimbo wa eneo. Filamu za Kitanzania zilizopata umaarufu katika miaka ya 2000 ziliuzwa kwa VCD, baadaye DVD. Zikavuka mipaka hadi Burundi, mashariki ya Kongo na Kenya kwa sababu lugha ilikuwa moja na deki zilikubali.

Tatu, DVD zilizobanwa filamu nyingi kwa pamoja zilimpa mteja wingi badala ya ubora. Aliyepata filamu kumi na zaidi katika diski moja hakuona sababu ya kulipa zaidi kwa filamu moja yenye picha safi. Biashara hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya nakala zisizo halali, na serikali zilianza kuibana. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kudai stempu ya kodi katika kazi za muziki na filamu zinazouzwa. Msafirishaji aliyebeba maboksi ya diski bila stempu alijikuta akijibu maswali ya mwenye mzigo.

Kwa hiyo Blu-ray ilipofika mkoani ilifika kama kitu cha wachache: nyumba zenye runinga bapa, wenye PlayStation, hoteli, na familia zenye ndugu Ulaya. Mtaa kama Mutanga Sud ni soko la namna hiyo. Ni dogo, lakini wateja wake huuliza maswali na hurudisha bidhaa.

Msimbo wa eneo: mtego wa kwanza

Blu-ray imegawanywa katika maeneo A, B na C. Eneo A ni Amerika, Japani, Korea, Taiwan, Hong Kong na Asia ya Kusini-Mashariki. Eneo B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati, Australia na New Zealand. Eneo C ni China Bara, India, Urusi na nchi za Asia ya Kati na ya Kusini.

DVD zina mgawanyo tofauti. Burundi, Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ziko eneo la 5. Ulaya Magharibi, Mashariki ya Kati na Afrika Kusini ziko eneo la 2. Marekani ni eneo la 1, Hong Kong la 3, na China la 6.

Matokeo yake huwashangaza wengi. Blu-ray iliyonunuliwa Brussels inacheza katika deki halali ya Bujumbura, kwa kuwa zote ni eneo B. DVD iliyonunuliwa duka lile lile la Brussels ni eneo la 2 na inaweza kukataliwa na deki ya eneo la 5. Kwa Burundi, ambako filamu za Kifaransa zina wateja na ndugu wengi wako Ubelgiji, hilo si jambo la nadharia.

Ghala la Dubai nalo linauza deki za eneo B kwa Blu-ray, zinazoifaa Burundi. Lakini mzigo wa Hong Kong unaweza kuwa eneo A na wa Guangzhou eneo C. Deki za DVD nyingi hufunguliwa msimbo kwa rimoti tu. Blu-ray ni ngumu zaidi, na mara nyingi huhitaji kifaa cha kuongezwa ndani. Diski nyingi, hata hivyo, hutolewa bila msimbo, na diski za 4K zilizoanza mwaka 2016 hazina msimbo wa eneo kabisa. Tatizo linabaki kwenye Blu-ray za kawaida na DVD.

Waya, umeme na intaneti: mitego mingine

Deki za Blu-ray za mwanzo zilikuwa na matundu ya njano, nyekundu na nyeupe, ambayo runinga za zamani hutumia. Kwa masharti ya ulinzi wa hakimiliki, deki zilizotengenezwa baada ya mwaka 2010 zilizuiwa kutoa picha ya HD kwa waya za analogi, na zilizotengenezwa baada ya 2013 hazitoi picha kwa njia hiyo kabisa. Zinatumia HDMI tu. Mteja mwenye runinga ya kichogo atarudisha deki hiyo siku ya pili, ingawa haina kasoro.

Umeme wa Burundi ni volti 220. Deki iliyotengenezwa kwa soko la Marekani au Japani inaweza kuwa ya volti 110 au 100 tu. Ikichomekwa moja kwa moja, inaungua. Transfoma ya kupunguza umeme inasaidia, lakini gharama yake huila faida yote ya deki ya mtumba.

Mtego mwingine ni intaneti. Studio hubadilisha funguo za ulinzi wa diski mara kwa mara, na deki yenye programu ya zamani inaweza kukataa filamu mpya hadi isasishwe. Deki za Blu-ray za kizazi cha kwanza hazikulazimika kuwa na tundu la intaneti. Deki za HD DVD zote zilikuwa nalo, jambo linaloonyesha kwamba mfumo ulioshindwa haukuwa duni kila mahali.

Na ikiwa fungu lina HD DVD?

Deki ya HD DVD haifai kutupwa moja kwa moja. Inasoma DVD, na nyingi zake zinasoma vizuri. Thamani yake ni ya deki ya DVD na si zaidi. Anayeuziwa kama «HD» kwa bei ya Blu-ray anapunjwa, kwa sababu Blu-ray haichezi ndani yake na diski mpya za HD DVD hazitolewi tena. Mwaka 2007 LG na Samsung zilitoa deki za kusoma mifumo yote miwili, lakini ziliuzwa ghali na hazikuenea.

Diski za HD DVD zinatambulika kwa kasha la rangi nyekundu; za Blu-ray kasha lake ni la buluu. Baadhi ya diski za HD DVD zilikuwa na upande wa pili wa DVD ya kawaida, na upande huo bado una matumizi. China nayo ilitoa mfumo wake, CBHD, uliotokana na teknolojia ya HD DVD. Ulianza kuuzwa mwaka 2009 na haukutoka nje ya China kwa maana yoyote ya biashara. Mnunuzi anayekutana na alama hiyo Guangzhou aiache hapo hapo.

Somo lililorudi kwa njia ya ving'amuzi

Wanaodhani kwamba vita ya mifumo ni ya matajiri wa Tokyo na Hollywood wakumbuke ving'amuzi. Desemba 2009 Kenya ilizindua matangazo ya dijitali kwa mfumo wa DVB-T. Muda si mrefu mkoa ukaamua kutumia DVB-T2, ambao ni mpya na hubeba chaneli nyingi zaidi. King'amuzi cha DVB-T hakisomi DVB-T2. Aliyekuwa na shehena ya vya kwanza alibaki na maboksi yanayofanana kwa sura na yale yanayouzika, yasiyoshika chaneli.

Kabla ya hapo kulikuwa na mikanda ya video. Sony ilitoa Betamax mwaka 1975, JVC ikajibu na VHS mwaka 1976. Betamax ilisifiwa kwa picha. VHS ilirekodi muda mrefu zaidi na kampuni nyingi ziliruhusiwa kuitengeneza. VHS ilishinda. Mara zote tatu aliyeshinda ni yule aliyepata washirika wengi wa kujaza kifaa maudhui, na si lazima awe mwenye bei ndogo au picha bora.

Washindi nao hawakudumu milele. Netflix iliingia nchi nyingi za Afrika kwa mkupuo Januari 2016, Burundi ikiwamo, na Septemba 2023 ikasimamisha huduma yake ya diski nchini Marekani. Samsung ilitangaza mwaka 2019 kuacha kuleta deki mpya za Blu-ray Marekani. Februari 2025 Sony ilisimamisha utengenezaji wa diski tupu za Blu-ray za kurekodia. Flash na simu zimechukua nafasi kubwa ya diski katika mitaa ya Bujumbura kama kwingineko.

Hata hivyo diski haijafa. Mahali ambapo bando la intaneti ni ghali na mtandao unakatika, filamu iliyonunuliwa mara moja na kuchezwa mara mia bado ina maana. Wenye runinga kubwa wanajua pia kwamba picha ya Blu-ray ni safi kuliko ile inayobanwa ili ipite katika simu.

La kufanya kabla ya kulipa

Kwa mnunuzi wa mzigo, mambo sita yanatosha kuzuia hasara nyingi. Kwanza, adai namba kamili ya modeli ya kila deki katika ankara, si neno «deki ya HD» pekee. Pili, asome alama: Blu-ray, HD DVD au CBHD. Tatu, aangalie herufi ya eneo nyuma ya mashine. Kwa Burundi na jirani zake ni B. Nne, asome volti. Iliyoandikwa 100 hadi 240 ni salama. Tano, aangalie mwaka wa kutengenezwa na aina ya matundu, kisha alinganishe na runinga za wateja wake. Sita, ajaribu angalau mashine chache kwa diski ya kwao, siyo ya muuzaji.

Kwa msafirishaji, nyaraka ndizo ulinzi. Deki za video huangukia fungu la 8521 la ushuru wa forodha. Diski, zilizorekodiwa na tupu, ziko 8523 tangu marekebisho ya kimataifa ya mwaka 2007 yalipolifuta fungu la 8524. Mzigo mchanganyiko ulioandikwa kwa jumla kama «vifaa vya umeme» hualika ukaguzi wa boksi kwa boksi, na siku za lori kusimama mpakani hulipwa na mtu.

La mwisho ni la mtaji. Bidhaa ya mfumo mpya ambao haujapata mshindi isiagizwe kwa kontena. Iagizwe chache, ziuzwe, kisha zifuate nyingine. Faida itakuwa ndogo kwa kila deki. Lakini siku mshindani mmoja atakaposalimu amri huko ng'ambo, mwenye deki tano dukani atasikitika, na mwenye mia tano njiani kuelekea Kobero atafunga duka.